Ushuhuda wa nyanya tunaousimulia kila Krismasi una sura tatu: tuandike upi?

Mjukuu wa Vihiga (mwanzisha uzi), 3 Desemba, saa 2:14 usiku

Salamu wanajukwaa. Katika familia yetu, kila Krismasi, baada ya ibada na kabla ya chakula kupakuliwa, nyanya yangu alikuwa akisimama mlangoni pa jikoni na kutusimulia jinsi Injili ilivyoingia nyumbani kwetu kupitia kwa babake. Alisimulia kwa Kimaragoli, bila karatasi, na sisi wajukuu tuliotoka Nairobi tulikuwa tukitafsiriwa na shangazi. Kiini chake ni kwamba babake alibatizwa Kaimosi siku ya Krismasi, mvua ikinyesha, akiwa amevaa kanzu nyeupe ya kuazima. Jioni hiyo hiyo wazee wakamfukuza, akalala chini ya migomba ya jirani, na usiku huo akaahidi kwamba uzao wake hautapitisha Krismasi hata moja bila kumtaja Yesu aliyemtoa gizani.

Nyanya alifariki mwezi wa Machi mwaka huu, na hii itakuwa Krismasi ya kwanza bila sauti yake. Tumekubaliana kuchapisha kijitabu cha kugawia jamaa wote siku hiyo, na hapo ndipo shida ilipoanza. Tuna kaseti ya mwaka 1994 ambayo baada ya dakika kumi na moja inakatizwa na taarifa ya habari ya redio, kwa sababu kuna mtu aliirekodi juu yake. Tuna daftari la shangazi, ambalo linasema hakufukuzwa na mtu bali aliondoka mwenyewe. Na yupo mjomba anayeishi Kayole, anayeshikilia kwamba aliyemfukuza ni babake mzazi wala si wazee. Je, tuchague sura moja, tuziunganishe, au tuziache zote tatu kama zilivyo?

Mama Tumaini, 3 Desemba, saa 2:40 usiku

Pole kwa msiba. Ziandike zote tatu, na kila moja uitaje ni ya nani. Mimi nilimrekodi mama mkwe kwa simu hapa Umoja akiwa anachambua mchicha, na ninachokithamini zaidi leo si yale aliyoyasema kuhusu kuokoka kwake, bali namna alivyonyamaza kila alipofika kwenye kifo cha mtoto wake wa kwanza, akachambua majani kama manne hivi, kisha akasema, "Lakini Bwana alikuwepo." Ukiunganisha sura tatu kuwa moja, mahali pa kunyamaza kama hapo ndipo hupotea kwanza.

Mwalimu Mstaafu, 3 Desemba, saa 4:05 usiku

Naomba kugusa jambo ambalo huenda likaitikisa hadithi yenyewe, na ninalisema kwa heshima. Misheni ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902 na Wafrendi, yaani Wakweka, kutoka Marekani, na Wafrendi hawabatizi kwa maji. Wanaamini kwamba ubatizo ni wa ndani, kazi ya Roho. Tena, katika mapokeo yao ya zamani hawakuwa watu wa kuitukuza siku moja kuliko nyingine, Krismasi ikiwemo. Kwa hiyo "alibatizwa Kaimosi siku ya Krismasi" ni sentensi yenye mafundo mawili ya kufunguliwa kabla haijaingia kitabuni. Maelezo ninayoyaona kuwa karibu zaidi ni kwamba alibatizwa kwingine, pengine Maseno, ambako Waanglikana wa CMS, shirika la wamishonari kutoka Uingereza, walianza kazi mwaka 1906, na baadaye jina la Kaimosi likachukua nafasi kwa sababu ndiko familia ilikoabudu kwa miaka mingi.

Askari wa Kawangware, 4 Desemba, saa 1:20 asubuhi

Mwalimu, asante, lakini usikimbilie Maseno. Mimi ni wa Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi hapa Nairobi mwaka 1921, na sisi vilevile hatubatizi kwa maji. Hata hivyo babu yangu alikuwa akisema waziwazi, "Siku niliyobatizwa." Alimaanisha siku aliyoapishwa kuwa askari chini ya bendera na kuanza kuitwa kwa jina jipya. Kwa wazee wetu neno hilo lilibeba mambo yote: jina, nguo, kuacha pombe, kuanza kujua kusoma. Huenda nyanya hakukosea hata kidogo, ila sisi ndio tunaolisikia neno kwa masikio ya darasa la katekisimu.

Dada wa Luanda, 4 Desemba, saa 3:48 asubuhi

Kuna maelezo ya tatu ambayo nashangaa hamjayataja, na kwetu Magharibi hayahitaji kutafutwa mbali. Mwaka 1927, katika misheni hiyo hiyo ya Kaimosi, kulitokea mwamko mkubwa wa Roho baada ya mahubiri ya mmishonari Arthur Chilson, mmoja wa wale walioianzisha misheni. Watu waliungama dhambi hadharani, wakalia, wakanena kwa lugha, na jambo lenyewe likaitwa ubatizo wa Roho. Baadaye viongozi wa Wafrendi wakaupinga mwenendo huo, walioushikilia wakatengwa, na kutokana nao yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo mpaka leo tunaona waumini wake wakiandamana kwa ngoma na mavazi meupe.

Sasa soma tena ushuhuda wenu. "Alibatizwa Kaimosi." "Wazee wakamfukuza." Ni nani aliyesema kwamba hao walikuwa wazee wa ukoo? Kanisa la Wafrendi nalo lina wazee. Na kanzu hiyo nyeupe, je, ilikuwa na msalaba mwekundu uliofumwa? Makanisa mengi ya Roho ya kwetu huvaa hivyo.

Mjukuu wa Vihiga, 4 Desemba, saa 7:02 mchana

Dada, nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye foleni ya benki, ikabidi nitoke nje kwanza. Maisha yangu yote nimewachukulia "wazee" kuwa watu wa ukoo waliokasirishwa na dini ya kigeni, na kila Krismasi nimewaonea watu hao hasira kidogo. Kwenye kaseti nyanya anasema neno moja tu, ambalo kweli linaweza kumaanisha wazee wa aina yoyote. Kanzu imo kwenye sanduku la bati kule nyumbani, nitaiangalia nikifika. Hata hivyo naona ugumu mmoja: kama ni mwaka 1927, hiyo Krismasi na ile mvua zinatoka wapi?

Karani wa Parokia, 4 Desemba, saa 11:30 jioni

Kuhusu Krismasi, nina dhana ya nne. Nimefanya kazi ya rejista za parokia kwa muda mrefu, na nimezoea kuona watu wanaokuja wakiwa na hakika kabisa kwamba mzazi wao alibatizwa Krismasi, ilhali kitabu kinasema ni Agosti. Si kwamba wanadanganya. Sikukuu ni kama msumari ukutani: familia hutundika humo kila kitu kizito kilichotokea mwaka huo. Nyanya alisimulia siku ya Krismasi kwa miaka mingi, na baada ya muda siku ya kusimulia na siku ya tukio zikawa moja.

Iwapo Mwalimu ana haki na alibatizwa katika kanisa lenye rejista, basi kuna njia ya kujua. Kwetu Wakatoliki, kwa mfano, kitabu cha ubatizo hubaki parokia alikobatizwa mtu, na pembeni mwa jina huandikwa baadaye kipaimara chake na ndoa yake. Mstari mmoja wa pembeni unaweza kukueleza mtu alikohamia na aliyemwoa. Nendeni na jina la ubatizo, jina la ukoo, na majina ya wazazi au msimamizi, kwa sababu akina Yohana na Petro ni wengi mno. Na msiende tarehe 23 Desemba.

Fundi wa Kanda, 4 Desemba, saa 3:15 usiku

Ninyi mnajadili mwaka 1927 na mimi roho yangu iko kwenye hiyo kaseti ya 1994. Mjukuu, tafadhali: usiicheze tena. Nimekuwa nikihamisha sauti za kaseti kwenda kwenye kompyuta kwa miaka kumi na mbili, na kanda nyingi zilizonifia mikononi zilikuwa zimechezwa "mara moja tu, watoto wasikie" kwenye redio kaseti kuukuu iliyokaa miaka bila kusafishwa.

Iangalie kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu, na ukiicheza utauhamishia kwenye mashine na kwenye kanda zote zinazofuata. Halafu angalia mgongoni mwa kaseti, upande usio na utepe, ambako kuna vishikizi viwili vidogo vya plastiki, kila kimoja kwa ajili ya upande wake. Vivunje leo hii. Vikiwa vizima, mtu yeyote anaweza kubonyeza kitufe chekundu na kufuta. Vikishavunjwa, kitufe hicho hakishuki. Redio ile isingeingia juu ya sauti ya nyanya kama vishikizi hivyo vingevunjwa mwaka ule ule wa 1994.

Wakati wa kuhamisha, usiweke simu mbele ya spika. Safisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na pamba, unganisha waya kutoka tundu la visikizi hadi kwenye kompyuta, na uhifadhi faili lisilobanwa. Nakala ndogo ya kutumiana kwenye WhatsApp itatengenezwa baadaye. Kisha weka nakala mahali patatu, na angalau mahali pamoja kati ya hapo pasiwe nyumbani kwako. Usitupe kaseti yenyewe. Duka moja mjini lilimrudishia mteja wangu diski na kutupa kanda zake nane, na diski ile haikufunguka kwenye kompyuta yoyote.

Jambo la mwisho: geuza upande wa pili. Kaseti ya dakika tisini ina dakika arobaini na tano kila upande, na watu husahau kwamba hadithi iliendelea.

Mama Tumaini, 4 Desemba, saa 3:22 usiku

Fundi huandika aya tano kuhusu utepe na hajawahi kutuambia ushuhuda wake mwenyewe hata mara moja. Tunakudai, ndugu yetu.

Shahidi wa Pipeline, 5 Desemba, saa 12:50 asubuhi

Naomba kutofautiana na wengi. Ushuhuda ni wa Kristo, wala si wa babu. Ninaogopa kwamba kijitabu chenye picha ya mzee, mwaka wa ubatizo na mti wa ukoo kitaifanya Krismasi ya familia kuwa sikukuu ya ukoo, na watoto wataondoka wakijua yaliyomo ndani ya sanduku la bati kuliko wanavyojua yaliyotukia Bethlehemu. Nimekulia katika nyumba ambamo imani ya babu ilisimuliwa sana hivi kwamba hakuna aliyeulizwa kuhusu imani yake mwenyewe. Andikeni, lakini kila mmoja aliyeko mezani naye aulizwe: Kristo amekutendea nini wewe mwaka huu?

Mwalimu Mstaafu, 5 Desemba, saa 2:10 asubuhi

Hofu yako ni ya kweli, na lile swali la mwisho ninalichukua kwa ajili ya meza yangu. Lakini tazama jinsi habari ya Krismasi yenyewe ilivyotufikia. Luka anaanza kwa kusema kwamba amejitafutia usahihi wa mambo kwa kuchunguza tangu mwanzo, na anawataja waliokuwa mashahidi wenye kuyaona. Mara mbili katika sura ya pili anasema kwamba Mariamu aliyaweka mambo hayo moyoni mwake. Kama mama huyo asingeyaweka, na kama asingepatikana mtu wa kuandika, tungesoma nini usiku wa mkesha? Paulo naye, akimwandikia Timotheo, anaitaja imani iliyokaa kwanza katika nyanya yake Loisi na katika mama yake Eunike. Hakuona kwamba kuwataja kunampunguzia Kristo utukufu.

Binti wa Nyeri, 5 Desemba, saa 4:37 usiku

Nimeusoma uzi huu kimya kwa siku mbili, na sasa nataka kuuliza lililo gumu zaidi kwangu.

Nyanya yangu aliokoka katika Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki ulioanzia Uganda. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, alikataa kula kiapo cha Mau Mau, akisema kwamba ameshakunywa damu ya Yesu na hawezi kunywa nyingine. Alikataa vilevile kuwa upande wa askari wa serikali. Alipigwa na pande zote mbili. Kila Krismasi ushuhuda huo husimuliwa, tunaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Uamsho, nasi wajukuu hulia.

Kile kisichosimuliwa ni kwamba babu, mume wake, alikula kiapo kile, akakamatwa, akakaa kizuizini katika kambi ya Manyani. Aliporudi waliishi pamoja miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa akiketi pale pale, kwenye kiti cha kamba karibu na mlango, kila mwaka, akisikiliza mke wake akishuhudia jinsi alivyokikataa kitu ambacho yeye alikuwa amekikubali. Sikumbuki akisema neno. Nakumbuka tu kwamba wimbo ulipoanza, alikuwa akivua kofia yake na kuiweka gotini. Wote wawili wamekwisha kulala. Nikiandika ushuhuda wa nyanya bila yule mzee kitini, nitakuwa nimehifadhi nini? Na nikimwandika, shangazi zangu wameniambia nitakuwa nimemwaibisha nyanya.

Mwana wa Rabai, 5 Desemba, saa 5:20 usiku

Dada, mwandike. Ukoo wa Yesu katika sura ya kwanza ya Mathayo unawataja Tamari, Rahabu na Ruthu, na Bathsheba hakuitwa hata kwa jina lake, ameitwa mke wa Uria, ili dhambi ya Daudi isifichike. Mwandishi angeweza kuwapita wote hao, na hakuna ambaye angeuliza.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa namna yetu. Upande wa mama yangu ni wa Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kila mkesha wa Krismasi, hapa South B, mama hufungua Biblia ya zamani na kusoma majina tisa yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mwanzo. Jina la kwanza ni la ubatizo tu, halina baba, halina kabila, halina mji, kwa kuwa aliyebatizwa alichukuliwa akiwa mdogo kiasi cha kutokumbuka. Mama hufika hapo, husimama kidogo, kisha husema, "Huyu, Bwana anamjua," na kuendelea. Kuna binamu aliyetaka kujaza nafasi hiyo kwa kabila la kukisia. Mama alimnyang'anya kalamu.

Dada wa Luanda, 6 Desemba, saa 1:05 asubuhi

Mwana wa Rabai, asante kwa hayo. Binti wa Nyeri, sahihisho dogo tu: Uamsho huanza kusimuliwa kutoka Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni alikokuwa daktari Joe Church, ingawa wengi hutaja kukutana kwake na Simeoni Nsibambi Kampala mwaka 1929 kuwa ndiko cheche ilikowaka. Huku Kenya ulifika mwaka 1937, kupitia Kabete. Wimbo wenyewe kweli ni wa Kiganda. Huenda ndiyo sababu ya familia nyingi kusema kwamba Uamsho wote ulitoka Uganda.

Kuhusu babu yako sina la kusema, ila ile kofia iandike.

Askari wa Kawangware, 6 Desemba, saa 1:30 asubuhi

Mimi nawaelewa shangazi. Wao walikuwa wakiishi katika nyumba hiyo. Sisi tunaikuta kwenye maandishi. Pengine babu alinyamaza kwa aibu, pengine kwa kumheshimu mkewe, pengine alikuwa na ushuhuda wake ambao hapakuwa na mtu wa kumwomba autoe. Andika ulichokiona, bila kueleza alikuwa akiwaza nini. Na muulize shangazi mmoja akiwa peke yake, si wote wakiwa sebuleni.

Fundi wa Kanda, 6 Desemba, saa 3:44 usiku

Mama Tumaini, nimelipa deni. Baba yangu alikuwa mhubiri wa mitaani hapa Nairobi, na alikuwa na kaseti yake moja ya mahubiri, aliyoitunza ndani ya soksi. Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliirekodi juu kwa muziki. Hakunipiga. Alisema, "Basi, itabidi nihubiri tena." Alifariki kabla sijajua kwamba nilichokifuta hakirudi. Niliokoka miaka saba baadaye, na kazi hii niliianza mwaka huo huo.

Mama Tumaini, 6 Desemba, saa 3:51 usiku

Ubarikiwe, ndugu yangu. Nimekaa na simu mkononi nikakosa la kuandika.

Shahidi wa Pipeline, 7 Desemba, saa 6:15 mchana

Fundi, nimekusikia. Bado nashikilia swali langu la mezani, lakini naona kwamba wewe umelijibu.

Mjukuu wa Vihiga, 28 Desemba, saa 4:20 usiku

Nimerudi Nairobi jana, na nina deni la majibu.

Kaseti tuliigeuza, kama Fundi alivyosema. Upande wa pili una dakika sita za nyanya ambazo hakuna aliyezijua. Hasimulii, anaomba, akitaja watoto wake mmoja mmoja, na katikati anakatiza ili kumwambia mtu atoe kuku kwenye mlango wa jikoni. Tuliisikiliza mahali pale pale alipokuwa akisimama. Mjomba wa Kayole alitoka nje.

Kanzu tumeiona. Haina msalaba mwekundu. Lakini kifuani upande wa kushoto kuna mashimo madogo ya sindano yaliyopangika, kama kwamba kitu kilikuwa kimeshonwa hapo kikafumuliwa kwa uangalifu. Shangazi anasema huenda ni mfuko. Mjomba anasema kanzu ya namna ile haina mfuko kifuani.

Tulichapisha sura zote tatu, kila moja na jina la msimulizi wake, na maelezo ya Mwalimu, ya Askari, ya Dada na ya Karani tukayaweka nyuma bila kuchagua. Kisha, kijitabu kikiwa tayari mikononi mwa watu, dada mdogo wa nyanya, ambaye haoni tena na aliletwa kwa pikipiki kutoka ng'ambo ya mto, akaomba asomewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba aliyelala chini ya migomba si baba yao. Ni kaka yake baba. Baba ndiye aliyemfuata usiku ule na blanketi, na huko ndiko alikoisikia Injili.

Fundi wa Kanda, 28 Desemba, saa 4:23 usiku

Ulimrekodi?

Mjukuu wa Vihiga, 28 Desemba, saa 4:25 usiku

Nilimrekodi. Dakika hamsini na mbili. Nakala ziko mahali patatu.